Topo Gigio: mbona waliomshika hawaonekani?

Topo Gigio, kikaragosi cha panya, ana kimo cha sentimita 25 hivi, lakini ili atembee jukwaani anahitaji watu watatu. Wa nne anamtolea sauti. Wamarekani walianza kumpenda kipanya huyu wa Kiitalia Desemba 1962, kwenye kipindi cha televisheni The Ed Sullivan Show, alipokuwa akimwita mwenyeji, Ed Sullivan, "Eddie" na kumdai busu la kulalia. Kwenye skrini yuko peke yake, miguu inaonekana wazi, na nyuma yake ni giza tupu.

Giza hilo ndiyo kazi yenyewe. Maria Perego, mmoja wa waliombuni mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumia sponji, maana kitu kizito kwenye ncha ya kijiti cha kumchezeshea huuchosha mkono, nao mkono uliochoka hutetemeka. Wachezeshaji walijifunika mahameli nyeusi gubigubi, nyuma yao pazia la mahameli hiyohiyo. Usijaribu satini wala pamba nyeusi: mwanga unarudi na mikunjo ya kiwiko inaonekana. Mahameli ina vinyweleo vilivyosimama, mwanga ukizama humo hautoki. Tatizo ni pale vinyweleo vinapolala, hasa magotini na mapajani kwa mtu aliyekaa akisubiri zamu. Hapo panang'aa, kwa hiyo brashi haikai mbali.

Taa ziwekwe ubavuni, zimulike ukanda mwembamba alipo kikaragosi tu. Wachezeshaji wabaki nyuma ya ukanda huo. Taa moja ya mbele inatosha kuwaanika wote. Na sponji ikianza kuzeeka humwaga unga, ambao juu ya mahameli huonekana kama nyota. Kusema kweli, televisheni ya enzi zile, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliwabeba sana: kamera zake zilishindwa kutofautisha weusi na weusi.

Kilicho kigumu zaidi ni hatua. Anayeshika miguu akichelewa kidogo tu nyuma ya anayeshika kiwiliwili, panya anaelea, na mtazamaji anahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Mguu lazima ukanyage kwanza, kisha mwili uuegemee. Wachezeshaji huipata hesabu hiyo kwa kusikilizana pumzi, wamebanana bega kwa bega, macho yakichungulia gizani.