Spirifa si chaza

Mezani kwangu hapa Mbeya kuna kisukuku cha Mucrospirifer, mmoja wa wanyama wa kale wa baharini waitwao spirifa, kutoka Ohio, Marekani. Wachimbaji wadogo wanaoniletea sampuli kutoka Chunya, wanafunzi, hata mwalimu wa baiolojia wiki iliyopita, kila akishikaye husema: "Kumbe chaza naye hugeuka jiwe!"

Si chaza. Chaza ni moluska, kundi moja na konokono. Huyu ni brakiopodi, faila (yaani kundi kuu la wanyama) nyingine kabisa, na ndani yake ni wa oda ya Spiriferida, ndio spirifa. Kinachowapoteza watu ni yale magamba mawili, basi hebu yatazameni vizuri. Moluska wa magamba mawili ana gamba la kulia na la kushoto, kama viganja vilivyokutanishwa. Brakiopodi ana la mgongoni na la tumboni, nayo hayafanani; pitisha penseli katikati ya gamba moja, ndipo nusu zitakapolingana. Katika jiwe langu gamba la tumboni lina mfereji, la mgongoni lina tuta linaloingia humo. Kwenye bawaba kuna uwazi wa pembetatu, alimotolea kikonyo cha kujishikizia. Ndani, lofofori, kiungo chenye minyiri cha kuchujia chakula, ilibebwa na nyuzi mbili za kalsaiti (madini ya chokaa) zilizosokotwa kama springi, kila moja ikielekea upande wake. Ndiyo maana mwanaasili Mwingereza Sowerby, mwaka 1816, aliita jenasi ya kwanza ya kundi hili Spirifer, yaani mbeba springi.

Hata misuli ni tofauti. Chaza akifa, kano ya bawaba humwachamisha. Brakiopodi alihitaji misuli kufunguka, kwa hiyo akifa hubaki amefumba, na visukuku vyake vingi tunavikuta magamba yote mawili yakiwa pamoja.

Na zile ncha mbili za ubavuni zinazofanana na mabawa je? Hakuruka. Ni bawaba ndefu tu iliyochongoka ncha.

Wengine husema brakiopodi wote walikwisha. Mucrospirifer ndiye aliyetoweka; Lingula yuko hai baharini mpaka leo.

Na wanaoniletea magamba ya tabaka za makaa ya mawe za Kiwira au Ruhuhu wakiyaita spirifa: zile ni tabaka za Karoo, miamba ya kale iliyowekwa na mito na maziwa. Brakiopodi ni wa baharini. Fikirieni kwanza kome wa maji baridi.

Nawaomba pia msiyasafishe mawe haya kwa ndimu wala asidi ya betri. Gamba la kalsaiti linatoka povu, na ile mistari ninayoitegemea kulitambua inalika yote. Maji na mswaki mkuukuu vinatosha.