Kwa nini wanamazingira wanaikataa GMO? Tuanzie kwenye pingili ya muhogo

Sokoni Mtwara mjini, embe likiwa kubwa halafu halina utamu, litaitwa GMO. Kuku wa kisasa ni GMO. Nyanya iliyokaa wiki nzima bila kulegea, GMO hiyo. Nimesikia hata kijana aliyenenepa ghafla baada ya kuoa akitaniwa hivyohivyo.

Katika hao wote hakuna hata mmoja anayestahili jina hilo. Kuku wa nyama ametokana na kuchaguliwa wazazi wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi. Mahindi chotara nayo ni ndoa tu ya aina mbili za mahindi, chavua ya hili kwenye ndevu za lile. GMO ni jambo jingine: mtaalamu anachukua kinasaba (jeni), mara nyingi cha kiumbe kisicho na undugu wowote na mmea, anakipandikiza ndani ya mmea huo maabara. Mahindi ya Bt ndiyo mfano maarufu. Yamepewa kinasaba cha bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, na sasa mmea wenyewe unatengeneza sumu inayomuua funza wa mabua anapoutafuna. Mazao ya namna hii yalianza kulimwa kwa wingi Marekani mwaka 1996.

Basi kama mengi ya kisasa tumeyapokea bila makelele, kwa nini wanaharakati wa mazingira wakisikia GMO wanasimama mlangoni?

Jibu linalosikika zaidi ni afya, na kwa maoni yangu ndilo dhaifu kuliko yote. Mwaka 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alichapisha utafiti wenye picha za panya waliovimba majipu ya saratani baada ya kulishwa mahindi ya GMO. Picha zile zilizunguka dunia, na Novemba mwaka huohuo Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha utafiti ule likauondoa: panya walikuwa wachache mno, tena wa aina inayopata uvimbe kirahisi hata bila mahindi hayo. Mwaka 2016 jopo la Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani lilipitia tafiti kwa mamia na halikuona ushahidi kwamba vyakula hivi vilivyoko sokoni vina madhara kuliko vya kawaida. Mwanaharakati anayeanza na saratani anajiharibia mwenyewe, kwa sababu hoja zake nyingine ni nzito.

Ipo pia hadithi ya mbegu isiyoota. Teknolojia ya kufanya mmea utoe mbegu tasa ilisajiliwa kweli Marekani mwaka 1998, ikazua kelele kubwa, na mwaka 1999 kampuni kubwa ya mbegu ya Monsanto ikaahidi hadharani kutoiuza. Haikuwahi kuingia sokoni. Mkulima anayekuambia "nimerudia mbegu imegoma" kwa kawaida anazungumzia chotara, ambayo ukiirudia inaota vizuri tu ila mavuno yanashuka na mimea haifanani.

Hoja nzito ni ya umiliki. Mbegu ni ya nani?

Mama mkubwa wangu yuko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako udongo ni wa kichanga na maji ni ya kutafuta. Shamba lake ni mikorosho na katikati muhogo, na mbaazi pembeni. Sijawahi kumuona akinunua mbegu ya muhogo. Akivuna, anakata mashina, anayafunga kama kuni na kuyasimamisha kivulini. Mvua zikikaribia anayakata pingili za urefu wa shubiri moja hivi na kuzichomeka. Jirani akiishiwa anakuja kuomba, anapewa mzigo, anaondoka nao kwenye baiskeli. Hakuna risiti. Ukimuuliza ile aina ya majani membamba aliitoa wapi, atakutajia mtu, hatakutajia duka.

Mpango huo ndio wanamazingira wanaouogopea. Mazao mengi ya GMO yana hataza, yaani sheria inaitambua mbegu kama uvumbuzi wa kampuni. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Percy Schmeiser, mkulima wa kanola wa Kanada aliyeshtakiwa na Monsanto. Husimuliwa kana kwamba upepo ulileta chavua, basi mzee wa watu akaburuzwa kortini. Haikuwa hivyo kabisa: alipulizia dawa ya magugu, akaona baadhi ya mimea haifi, kwa kuwa ilikuwa na kinasaba cha Monsanto cha kuistahimili dawa hiyo, akahifadhi mbegu yake na kuipanda msimu uliofuata. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema amevunja hataza, ingawa haikumtoza fidia. Mimi naona hadithi ya kweli inatisha kuliko ile ya upepo. Kuchagua mmea ulionusurika na kurudia mbegu yake ni kazi ambayo mama mkubwa ameifanya maisha yake yote, na anaiita kilimo.

Kwa hiyo tunaelewa kilichotokea Zambia mwaka 2002. Njaa ilikuwa kali kusini mwa Afrika, na Marekani ikapeleka mahindi ya msaada yenye GMO ndani. Msumbiji, jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, walikubali kwa sharti la kusagwa kwanza. Malawi na Zimbabwe nao walitaka unga. Zambia, chini ya Rais Levy Mwanawasa, ilikataa hata unga. Wengi waliwacheka, lakini sharti la kusaga lilikuwa na akili: punje nzima ni chakula leo na mbegu kesho. Hakuna mkulima mwenye njaa anayepewa gunia asitenge kibaba cha kupanda.

Upande wa wadudu na magugu ushahidi upo shambani. Afrika Kusini walipanda mahindi ya Bt, na kufikia mwaka 2007 ikaripotiwa kuwa funza wa mabua wameizoea sumu yake. Marekani, ambako soya na mahindi mengi yalibadilishwa ili yastahimili dawa ya magugu iitwayo glaifoseti, wakulima walipuliza dawa hiyohiyo mwaka hadi mwaka mpaka magugu yakawa sugu. Jopo lile la 2016 lililosema chakula ni salama lilisema pia kwamba magugu sugu ni tatizo kubwa la kilimo.

Tanzania tumekuwa tukipiga hatua moja mbele na moja nyuma. Kanuni za mwaka 2009 zilimbebesha mwenye kuleta GMO dhima ya madhara yoyote, hata bila kuthibitisha uzembe, na watafiti wakasema kwa masharti hayo hakuna atakayethubutu. Zikalegezwa mwaka 2015 kwa ajili ya utafiti, na mwaka 2016 mahindi ya kuvumilia ukame yakapandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Mbegu ile iliahidiwa bila malipo ya hataza, lakini kinasaba kilitoka Monsanto, na wanaharakati, wakiwemo wa TABIO, mtandao wa kutetea bioanuwai nchini, hawakuamini kwamba mgeni huyo angebaki mpole siku zote. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasimame, na Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta.

Miezi michache baadaye, Juni 2021, mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo wa GMO unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Hapo ndipo mtu wa Mtwara au Lindi anapotakiwa kuinua kichwa.

Ugonjwa huu ni wa kwetu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Amani, Tanga, miaka ya 1930, na pwani ya kusini umekaa kama mwenyeji. Ubaya wake ni kwamba hudanganya. Shina linasimama, majani yana madoa ya manjano ambayo ukipita haraka huyaoni. Unang'oa, unakata, unakuta ndani kahawia, pakavu, pagumu kama kizibo cha chupa. Nimemuona mama mkubwa akikaa na kisu akimega sehemu nzima nzima ili apate walau makopa ya kuanika, na lundo la kutupa likawa kubwa kuliko la kuanika.

Muhogo ule wa Kenya umepandikizwa kipande cha vinasaba vya virusi vyenyewe, mmea ukajifunza kuvitambua na kuvikatakata, mfano wa chanjo. Hauna sumu ya kuua mdudu wala haudai dawa ya magugu. Unazalishwa kwa pingili, kwa hiyo hofu ya chavua kupeperuka hadi shamba la jirani inapungua sana kuliko kwenye mahindi. Umetoka kwenye taasisi za utafiti za umma na zisizo za kibiashara. Hoja tatu za wanamazingira zinaukosa au zinaugusa kidogo tu, na sijaona wakilikiri hilo kwa sauti. Wanachobaki nacho ni njia mbadala, nayo si ya kubeza: kituo cha Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, kimekuwa kikitafuta aina zinazovumilia ugonjwa huo kwa kuchagua na kuzalisha kwa kawaida. Aina ya Kiroba, ambayo ni ya wakulima wenyewe, ni mojawapo ya zilizosambazwa kwa sababu hiyo.

Nilimweleza mama mkubwa yote haya tukiwa tunapukuchua mbaazi. Habari za bakteria hazikumshughulisha, wala za panya wa Ufaransa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: huo muhogo wa Kenya ukifika hapa, jirani akija na baiskeli yake, nitaruhusiwa kumpa?