Bila dawa, bila chanjo: maswali ya watu wa Moshi kuhusu kuzuia milipuko

Tangu ugonjwa wa Marburg utangazwe Biharamulo, mkoani Kagera, Januari 2025, maswali haya hayajaacha kunifuata: sokoni Mbuyuni, kwenye foleni ya kliniki, hata kwenye vikao vya harusi. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, lakini tarehe 13 Machi mlipuko ule ulishatangazwa kumalizika. Nimechagua maswali yaliyojirudia na kuyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Daktari, kama hakuna dawa, ule ugonjwa uliisha wenyewe?

Mimi ni afisa afya, si daktari, ila jibu ni hapana, haukuisha wenyewe. Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu: damu, matapishi, jasho. Aliyeambukizwa hukaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya kuumwa, na katika siku hizo haambukizi mtu. Hapo ndipo ugonjwa huu unaposhikwa. Unawatafuta wote waliotangamana na mgonjwa, unawapima joto kila siku kwa siku 21, na anayepata homa unamtenga siku hiyo hiyo.

Mwaka 2023, Kagera hiyo hiyo, wagonjwa walikuwa 9 na 6 kati yao walifariki. Watu zaidi ya 200 walifuatiliwa, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Mwaka 2025 hali ilikuwa mbaya zaidi. Watu 10 walihesabiwa na wote walifariki, wengi wao kabla mlipuko haujathibitishwa. Ugonjwa ukichelewa kujulikana, wa mwanzo hupotea. Lakini ulipojulikana tu, njia ilikatwa. Kanuni ni kusubiri siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili, ndipo mwisho unatangazwa.

Mbona Korona ilitushinda basi? Tulinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka.

Jibu la swali hili ndilo ningependa watu walishike kuliko mengine yote.

Mwaka 2003 ulisambaa ugonjwa wa SARS, wa njia ya hewa, unaoletwa na kirusi ambacho ni ndugu wa karibu wa kile cha UVIKO-19. Waliugua watu zaidi ya 8,000 katika nchi karibu 30, wakafa 774. Chanjo haikuwepo, dawa haikuwepo. Ulizimwa kwa kutenga wagonjwa, kufuatilia waliotangamana nao na kuwalinda wahudumu wa hospitali. Tarehe 5 Julai 2003 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mnyororo wa maambukizi umekatika. Hatua zile zile, kwa kirusi ndugu, mwaka 2020 hazikutosha.

Tofauti ni wakati wa kuambukiza. Mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi kwenye wiki ya pili ya kuumwa, akiwa tayari yuko hoi kitandani na kila mtu anajua anaumwa. Mwenye UVIKO-19 huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawajisikii vibaya kabisa. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini kwetu, tarehe 16 Machi 2020, alishukia hapa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. Alipimwa joto uwanjani, hakukutwa na homa. Dalili zilimjia baadaye akiwa Arusha. Kipimajoto kilifanya kazi yake, homa ndiyo ilikuwa haijafika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama karantini inasaidia, nami humuuliza: kwa ugonjwa unaoanza kuambukiza lini?

Na tusizidharau sana zile hatua za 2020. Zilipunguza mafua ya kawaida duniani kiasi kwamba ukoo mmoja wa virusi vya mafua, B/Yamagata, haujathibitishwa tena kwa mtu yeyote tangu Machi 2020. Hakuna aliyekuwa akiuwinda. Kizuizi kisichomtosha fahali kilimtosha ndama.

Daladala waliambiwa "level siti", abiria asisimame, huku sokoni tunabanana. Si kujidanganya huko?

Dada yangu, nilikuwa nafikiri kama wewe mpaka nilipokaa na kikokotoo. Chukua ugonjwa ambao kila mgonjwa anaambukiza watu wawili. Ukifika mzunguko wa kumi, mzunguko huo peke yake una wagonjwa 1,024. Sasa punguza robo tu, yaani kila mmoja aambukize mmoja na nusu. Mzunguko wa kumi utakuwa na wagonjwa 58 hivi. Hujauzuia ugonjwa, umepunguza robo ya maambukizi, na angalia ulichookoa. Ukifanikiwa kushusha chini ya mmoja, ugonjwa unakufa wenyewe bila hata kupata ushindi wa asilimia mia.

Faida nyingine ni ya vitanda. Wagonjwa wale wale wakija hospitali zetu za Mawenzi na KCMC kwa miezi minne, oksijeni inakaribia kutosha. Wakija wote ndani ya wiki tatu, haitoshi.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Surua, bila kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Huko huwezi kufika chini ya mmoja kwa kukaa mbalimbali. Surua ni ya chanjo, tusidanganyane.

Kuna ushahidi wa kweli, au ni hesabu za kwenye karatasi tu?

(Huyu ni mwalimu wa sekondari, na hakuridhika na kikokotoo changu.)

Upo, na mwingi unatoka kwenye homa ya mafua ya 1918, wakati hata kirusi chenyewe kilikuwa hakijagunduliwa. Mji wa Philadelphia, Marekani, uliruhusu gwaride kubwa la kuchangisha fedha za vita tarehe 28 Septemba 1918, homa ikiwa imeshaingia mjini. Shule, makanisa na kumbi vilifungwa siku chache baadaye, wodi zikiwa zimejaa. St. Louis ulipata wagonjwa wake wa kwanza wa kiraia tarehe 5 Oktoba, na kufikia tarehe 7 ulishaanza kufunga. Katika wiki yake mbaya kuliko zote, Philadelphia ilipoteza watu 257 kwa kila 100,000; St. Louis, hatua zikiwa bado zimewekwa, haikuzidi 31.

Watu wengi huishia hapo wanaposimulia, nami sipendi. St. Louis ililegeza Novemba na vifo vikapanda tena. Mwisho wa yote pengo la vifo kati ya miji hiyo lilikuwa dogo kuliko lile la wiki ile mbaya, ingawa St. Louis ilibaki chini. Hatua hizi hufanya kazi zikiwa zimewekwa. Ukiziondoa wakati watu wengi bado hawajaugua wala hawajachanjwa, ugonjwa unaendelea ulipoishia.

Mfano mkali zaidi ni wa visiwa vya Samoa. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune kutoka New Zealand iliruhusiwa kushusha abiria Samoa ya Magharibi, na wengine walikuwa wagonjwa. Karibu mtu mmoja kati ya watano alikufa. Jirani yao, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer aliweka karantini kali kwa meli zote. Hakufa mtu hata mmoja kwa homa ile.

Basi na sisi tufunge Moshi Desemba watu wasipande kutoka Dar?

Samoa ni visiwa. Moshi ina barabara ya Dar, ya Arusha, mpaka wa Holili, wa Tarakea, na njia za panya ambazo wengine wetu tunazijua kuliko maafisa. Kuzuia safari kwa sehemu tu huchelewesha ugonjwa kwa wiki chache, hakuufungii nje. Wiki hizo si haba kama hospitali inazitumia kujiandaa. Zikipita hivi hivi, ni usumbufu wa bure. Na ukitaka kuona amri ikivunjwa mchana kweupe, mkataze Mchaga kwenda nyumbani Krismasi.

Kwa ugonjwa wa njia ya hewa, ningehangaika zaidi na mambo mawili: anayekohoa asipande basi, na madirisha ya basi yafunguliwe, hata kidogo, kwa safari nzima. Nyumbani vilevile. Juni na Julai, baridi ikibana, tunafunga kila tundu na kulala sita chumbani. Huo ndio msimu wa kukumbuka dirisha.

Na mbege, pombe yetu ya ndizi? Kata moja ya kunywea inazunguka watu kumi.

Kila mtu na kikombe chake. Mbege haipungui ladha.

Nyungu je?

Mvuke unafungua pua iliyoziba. Hauzuii kumwambukiza mwenzako, na mkijifunika blanketi moja watu wanne, mnagawana pumzi kwa ukaribu ambao hata daladala haina. Wapo pia waliobabuka kwa maji ya moto.

Barakoa na kunawa, ipi ina nguvu?

Inategemea ugonjwa unapita wapi. Kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Kwa magonjwa ya njia ya hewa faida yake ipo lakini ni ndogo. Barakoa ni kinyume chake. Bangladesh walifanya jaribio kwenye vijiji 600: palipogawiwa na kuhimizwa barakoa za hospitali, UVIKO wenye dalili ulipungua kwa asilimia 11 hivi, na zaidi kwa waliovuka miaka 60. Inaonekana kidogo, lakini vijijini humo waliovaa hawakufika hata nusu ya watu.

Kipindupindu ni habari nyingine kabisa, hicho kinataka choo na maji safi. London ilikumbwa nacho mara kwa mara, na mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa wa 1866. Kilichokiondoa ni mifereji ya maji taka na maji salama, miaka mingi kabla ya chanjo nzuri.

Mkifunga stendi, mimi na watoto wangu tutakula nini?

Mama huyu anauza wali na maharage stendi kuu, na swali lake wataalamu wengi hulikwepa.

Agosti 2014, Ebola ikiwa imepamba moto Liberia, askari walizingira mtaa wa West Point jijini Monrovia, makumi ya maelfu ya watu ndani. Chakula kilipanda bei, vurugu zikazuka, kijana wa miaka 15 alipigwa risasi akafa. Baada ya siku kumi hivi mzingiro uliondolewa. Kilichosaidia zaidi Monrovia ni wakazi wenyewe kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, pamoja na vitanda vya kuwapeleka.

Hatua ambayo mtu hawezi kuitii bila kulala njaa, hataitii. Atajificha, na mgonjwa aliyejificha ni hatari kuliko aliyeko sokoni. Ukimwambia mtu wa Kibosho akae ndani siku 21, swali la kwanza ni nani atamkatia ng'ombe majani. Aliyemwekea karantini ndiye awe na jibu.

Shule nazo: kwetu zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, nyingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kwa mafua makali, ambayo watoto huyasambaza sana, kufunga mapema kuna maana. Kwa UVIKO faida ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani, na wapo mabinti ambao hawakurudi darasani. Maoni yangu: shule iwe ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa.

Mwanangu, mtatuzika kama mbwa tukifa na hayo magonjwa?

Shikamoo mzee. Hapana. Katika Ebola ya Afrika Magharibi maiti ziliambukiza watu wengi kwa sababu ndugu waliziosha na kuzigusa. Mwanzoni timu zilikuja na mifuko, zikazika haraka, na familia zikaanza kuficha vifo. Baadaye viongozi wa dini waliitwa mezani, utaratibu ukabadilishwa: ndugu wanaona kwa umbali salama, wanaswali au wanasali, wanashiriki kuchagua kaburi lilipo. Kuosha na kugusa ndiko kulikoondolewa. Sioni sababu kaburi lisiwe kihambani kwako, kwenye shamba la ukoo.

Nikimshuku jirani, nifanye nini?

Usimguse, usimfukuze, na usimrushe kwenye kundi la WhatsApp. Piga 199, ni bure, usiku na mchana. Sema uko wapi, ana dalili gani na zimeanza lini. Hiyo tarehe ya kuanza kuumwa iandike mahali, maana ndiyo ya kwanza utakayoulizwa.