Alzheimer's: vile vikaratasi vya RNA vinavyosimamia ubongo

Kila tukienda kutoa elimu ya ugonjwa wa kusahau, swali moja halikosi: mtaalamu, bibi yetu anatia sukari kwenye chai, anakoroga, anatia tena, mara ya tatu anauliza sukari iko wapi, huu ni uzee au karogwa? Jamani hajarogwa, na uzee peke yake haufiki huko. Uzeeni unaweza kusahau ulipoweka funguo, lakini ukizishika mkononi ukawa hujui ni za nini basi kuna ugonjwa ndani ya ubongo, na unaoongoza ni Alzheimer's, yani kati ya watu 10 wenye dimenshia (kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kupotea), 6 mpaka 7 ni huo.

Wengi mmesikia habari za uchafu unaojikusanya ubongoni, yani protini mbili, amiloidi nje ya seli na tau ndani ya seli, uliotangazwa Ujerumani mwaka 1906 na Daktari Alois Alzheimer. Ila mimi nataka kuongelea kinachosemwa kidogo sana: nani anaruhusu huo uchafu uzidi?

Chukulia seli ni ofisi ya fundi cherehani. Daftari la vipimo limefungiwa kabatini, hilo ni DNA, halitoki. Fundi mkuu ananakili kipimo kwenye kikaratasi, ndio RNA mjumbe, anawapa vijana wanashona, na nguo ndio protini. Sasa lazima awepo wa kusema nguo zimetosha, na hiyo ni kazi ya maikro-RNA, kipande kifupi cha RNA chenye herufi (vijenzi vyake) kama 22 tu ambacho kinajibandika kwenye kile kikaratasi, ushonaji unasimama au kikaratasi kinachanwa kabisa. Victor Ambros na Gary Ruvkun walizigundua mwaka 1993 kwenye mnyoo wa milimita 1, na Nobel wakaja kupewa 2024.

Turudi ubongoni. Kuna kimeng'enya kinaitwa BACE1, huo ni mkasi, ndio unaoanza kuikata protini mama mpaka kinapatikana kipande cha amiloidi. Kawaida maikro-RNA za kundi la miR-29 zinasaidia mikasi isizidi, lakini mwaka 2008 watafiti walipopima ubongo wa wagonjwa waliofariki, baadhi wakakutwa miR-29 imeshuka na BACE1 imepanda. Mwaka huohuo ikaelezwa RNA nyingine ndefu, BACE1-AS, na hii ndiyo inayonigusa zaidi kwa sababu haitengenezi protini yoyote, imenakiliwa kutoka upande wa pili wa jeni ileile, kwa hiyo herufi zake zinaingiana na za kikaratasi cha BACE1 kama meno ya zipu. Ikishajifunga hapo kikaratasi hakichaniki kirahisi, na sehemu ambayo maikro-RNA moja ilikuwa ishike imefunikwa, ni kama mtu kakipiga laminesheni. Kibaya zaidi amiloidi ikizidi inaisumbua seli, seli ikisumbuka BACE1-AS inaongezeka, mikasi inaongezeka, amiloidi nayo inaongezeka, mduara hauishi.

Mtasema basi tuuzime huo mkasi. Imejaribiwa! Dawa ya verubecestat, ya kuuzuia mkasi huo, ilipunguza amiloidi kweli, ila wagonjwa hawakupata nafuu na wengine kumbukumbu ikazidi kushuka, majaribio yakasitishwa, na inadhaniwa ni kwa sababu BACE1 ina kazi zake nyingine kwenye neva. Ndio maana naona njia ya RNA inastahili pesa na muda, kwa sababu pale unatafuta kupunguza, sio kuzima. Ipo dawa ya majaribio inayoitwa BIIB080, uzi mfupi wa herufi kama hizo unaochomwa kupitia uti wa mgongo, unajibandika kwenye kikaratasi cha tau kiharibiwe, na matokeo ya mwanzo ya 2023 yalionyesha tau inashuka kwenye maji ya uti wa mgongo. Tau kushuka sio sawa na kumbukumbu kurudi, naomba sana tusichanganye.

Maikro-RNA zinapatikana hata kwenye damu na watafiti wanazichunguza kama dalili za mapema, lakini sio kipimo cha kawaida hospitalini, kwa hiyo akija mtu anakuuzia kipimo au vidonge vya RNA vya kurudisha kumbukumbu usitoe hela yako. Mpeleke bibi kliniki na dawa zake zote anazotumia ziwe kwenye mfuko, apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, sonona pia iangaliwe, maana hivyo vinaweza kumfanya mtu asahau na vinatibika.