Nyumba za kupakana Mji Mkongwe: maji huanza juu, matengenezo nayo yaanze juu

Idi ikikaribia, wakaazi wengi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hununua mfuko wa saruji na kopo la rangi, wakaziba lipu iliyodondoka ngazini na ukumbini. Masika yakipita, lipu imeshafura tena na chini yake umejaa unga mweupe wa chumvi. Lawama humwangukia fundi. Mara nyingi mkono wa fundi hauna kosa; kilichokosewa ni mpangilio wa kazi. Ukuta umetengenezwa huku maji yanayouharibu bado yanashuka kutoka paani.

Makala haya yanahusu hasa zile nyumba nyembamba zilizojengwa kwa mstari, duka chini na makaazi juu, zinazopakana ukuta kwa ukuta katika mitaa kama Mkunazini, Kiponda, Hurumzi na Malindi. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja ya mfanyabiashara. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali na kugaiwa, na leo si ajabu kila ghorofa, au hata kila chumba, kuwa na familia yake. Kodi ni ndogo, kipato ni kidogo, na paa halina mwenyewe. Hadhi ya Urithi wa Dunia iliyotolewa na UNESCO mwaka 2000 haizibi bati lililotoboka.

Ukuta ulivyo kwa ndani

Ukuta wa kawaida una unene wa nusu mita au zaidi kidogo. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Nyuso zake mbili zimepangwa kwa mawe makubwa, katikati kumejazwa vipande vidogo na udongo mwingi. Ukiwa mkavu hubeba ghorofa mbili tatu bila taabu. Ukirowa, ule udongo wa katikati hulainika na kushuka, mapengo yanabaki juu, na nyuso mbili zinaanza kuachana. Hapo ndipo ukuta unapotoa tumbo.

Dari nazo ni boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe bapa, na juu ya mawe sakafu nzito ya chokaa iliyopondwa. Boriti hizo kwa kawaida hazivuki zaidi ya mita 3, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Ncha zake zimezikwa ukutani. Ukuta ukiwa na unyevu, ncha ndizo zinazooza mwanzo, na jicho haliwezi kuziona. Kwenye nyumba za mstari, ukuta wa shirika, yaani ule mnaochangia na jirani, aghalabu umebeba boriti za pande zote mbili. Kwa hiyo bati bovu la jirani linaweza kuozesha boriti zako wewe ambaye paa lako ni jipya.

Paa na milizamu

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 ikinyesha siku moja, linakusanya lita 3,000. Maji hayo yakipita kwenye mlizamu (mfereji unaokinga maji ukingoni mwa paa) uliotoboka, yanamwagika karibu yote mahali pamoja ukutani. Hakuna rangi wala lipu itakayohimili hilo.

Kagua paa mara mbili kwa mwaka: Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Tazama misumari iliyolegea, kutu kwenye maungio, na zaidi ya yote pale bati linapokutana na ukuta wa jirani uliopanda juu zaidi. Pale ndipo panapovuja kuliko popote. Lami iliyopakwa juu juu hupasuka kwa jua. Linalotakiwa ni ukanda wa bati ulioingizwa ndani ya ukuta kiasi cha sentimita 2 au 3, ukazibwa kwa chokaa na kukunjwa juu ya bati la paa.

Mlizamu usafishwe majani, matope na mifuko ya plastiki, kisha umiminwe ndoo nzima ya maji upande wa juu. Maji yasipotoka yote, mteremko haupo: unahitaji kama sentimita 1 kwa kila mita 2. Angalia pia maji yanaishia wapi. Bomba la kushushia lililokatika kwenye ghorofa ya kwanza ni baya kuliko kukosa mlizamu kabisa, kwa sababu linarowesha sehemu moja kila siku ya mvua. Lifike chini kabisa na limwage mbali na msingi.

Kwenye kuta zenye unyevu huota mtini. Ukiwa mche wenye shina jembamba kama penseli, ung'oe na mizizi yake. Ukishanenepa usiuvute, utatoka na mawe. Ukate, uache kisiki kife, fundi ndipo aondoe mizizi na kujaza pengo.

Tangi, choo na kiyoyozi

Maji ya juu si ya mvua tu. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja sasa inavyo vinne, na vya ghorofani vimejengwa juu ya boriti. Marumaru za sakafuni hupendeza, lakini kiungo kimoja kikiachia maji huingia chini yake na kubaki humo miaka. Ukiona doa kwenye dari lisilobadilika kiangazi wala masika, ujue ni choo au bomba, si paa. Mabomba yapite nje, kwenye uso wa ukuta, yaonekane. Bomba lililofukiwa ndani ya ukuta wa udongo huvuja kimyakimya. Kiyoyozi nacho kina mpira wake wa kutoa maji. Wengi huuachia udondoke ukutani.

Tangi la lita 1,000 ni tani nzima juu ya eneo la takribani mita 1 ya mraba. Sakafu ya kuishi, hata ya nyumba mpya, kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Msiliweke katikati ya chumba cha juu. Lisimame chini uani, na juu pawe na pipa dogo tu, tena pembeni, karibu na ukuta unaobeba. Kama tangi limeshawekwa juu, lisijazwe hata kufika robo mpaka litakapohamishwa.

Kwa nini saruji inaharibu

Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Lipu ya chokaa inauruhusu kutoka. Ya saruji inaufungia ndani. Maji yanapotafuta njia hubeba chumvi, chumvi hukauka nyuma ya saruji na kuisukuma, na lipu inatoka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Ubaya zaidi, saruji ngumu husimama kama ganda wakati udongo wa ndani umeshashuka: ukuta unaonekana mzima kumbe umekuwa mtupu. Rangi za mafuta na za plastiki zina athari hiyohiyo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Lipu ya chokaa si kazi ya siri. Subirini kwanza chanzo cha maji kizibwe na ukuta ukauke. Ukuta wa nusu mita hukauka kwa miezi, si kwa wiki. Bandueni lipu iliyooza mpaka kufikia jiwe, ondoeni vumbi kwa brashi, kisha mtomee: mashimo yote yajazwe vijiwe na chokaa, yasijazwe lipu tupu. Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Ndoo 3 za lita 20 za mchanga hutosha kiasi cha mita 4 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la lipu, wenye unene wa milimita 12. Msizidishe unene huo. Pakihitajika zaidi, pigeni mikono miwili, wa kwanza ukishika ndipo wa pili.

Lowesheni ukuta kabla ya kupiga, na baada ya hapo mnyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, huku mmekinga jua kwa magunia. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa. Ikikaushwa haraka inapasuka na kutoa unga. Fundi akikuomba "saruji kidogo tu" ili ishike upesi, anataka kumaliza leo.

Mkinunua chokaa mbichi ya tanuu, anayeizima atie chokaa kwenye maji, kidogo kidogo, wala asimimine maji juu ya chokaa ndani ya pipa lililofunikwa. Inachemka na kuruka. Miwani ya kazi na glavu ni lazima, watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, oshea maji safi mengi papo hapo na uende hospitali. Iliyozimwa iachwe wiki mbili kwa uchache chini ya maji kabla ya kutumika.

Kupima boriti na nyufa

Chukua bisibisi, ichomeke kwenye boriti karibu na ukuta. Mti mzima huikataa. Ikizama sentimita 1 au zaidi bila nguvu, ncha imeoza au imeliwa na mchwa. Nyosha uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya dari na upime boriti zimeshuka kiasi gani katikati. Zilizoshuka tangu zamani na hazisogei hazina haraka. Andika kipimo na tarehe, rudia baada ya mwezi. Kinachosogea ndicho cha kuogopa.

Ufa nao piga alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, uandike tarehe na upana. Juu yake paka kipande chembamba cha plasta ya jasi, kivuke ufa. Kikikatika ndani ya wiki chache, ukuta unatembea. Tumbo la ukuta hupimwa kwa timazi, uzi wenye uzito chini, iliyoning'inizwa kutoka dirisha la juu.

Boriti hubadilishwa moja moja, dari ikiwa imetegemezwa kwa mirunda iliyosimama juu ya ubao mpana, na mirunda hiyo ishuke ghorofa kwa ghorofa hadi ardhini. Kutegemeza ghorofa ya pili juu ya dari ya kwanza iliyo dhaifu ni kuhamisha mzigo tu.

Mlango uliokuwa ukifungika ukikwama ghafla, vumbi likidondoka bila mtu kupita juu, boriti zikilia usiku, zimeni swichi kuu, tokeni nje, na wagongeeni majirani wa pande zote mbili, maana ukuta ni wao pia. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 humu humu Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Matengenezo yenyewe ni wakati wa hatari. Msilale chini ya dari inayofanyiwa kazi.

Nani alipe

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Wa juu anavujiwa, wa chini anasema paa si lake, na mwenye duka hana habari. Lakini boriti za duka ndizo zitakazobeba kifusi. Kinachofaa ni daftari moja la nyumba nzima, mchango mdogo wa kila mwezi hata kama ni sawa na bei ya mikate michache, na mtu mmoja anayeaminika kushika fedha. Kusafisha milizamu na kubadilisha misumari ya bati kunawezekana kwa fedha hiyo. Boriti, kuta na paa zima ni jukumu la mwenye nyumba, awe Serikali, Kamisheni ya Wakfu au mtu binafsi.

Muandikieni mwenye nyumba barua iliyosainiwa na familia zote, yenye picha na vipimo vya nyufa pamoja na tarehe zake, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kabla ya kubomoa, kuongeza chumba, kubadilisha dirisha au kugusa boriti, pitieni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuomba kibali. Peleka nakala ya barua hiyo huko pia, na ukiweza uende pamoja na jirani mnayechangia naye ukuta.