Ampea ngapi? Hesabu ya fezi moja na fezi tatu

Kaskazi ikikaribia, wenye nyumba za wageni hapa Malindi huniuliza swali lile lile kuhusu fezi, yaani nyaya zinazoleta umeme: "Fundi, nikivuta fezi tatu, bili itashuka?" Haishuki. Mita huhesabu nishati uliyotumia, na kiyoyozi cha kilowati mbili kitazitaka hizo mbili hata ukikiletea fezi kumi. Kinachobadilika ni ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) zinazopita katika kila waya, na ampea ndizo zinazochoma waya na kuangusha breka.

Kenya, kati ya fezi na nyutro (waya unaorudisha umeme) tuna volti 240. Kifaa cha kupasha moto tu, gawa wati kwa volti, umemaliza. Hita ya bafuni ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23. Nikiikuta imefungwa kwa waya wa milimita 1.5, sigusi kazi nyingine mpaka waya huo utoke.

Mota ina mambo yake. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibao chake ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si inayoingia kwenye waya. Kwa hiyo unagawa pia kwa ufanisi (sehemu ya umeme ulioingia inayotoka kwenye shafti) na kwa pawa fekta (sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli). Pampu ya kisima ya wati 1,500, pawa fekta 0.8, ufanisi 0.7:

1,500 ÷ (240 × 0.8 × 0.7) = ampea 11 na ushei.

Anayegawa kwa 240 peke yake anapata 6.25, ananunua breka ya 10, kisha ananipigia simu Jumapili.

Kwenye fezi tatu, volti 415 ni kati ya fezi na fezi. Ukipima fezi na nyutro, bado ni 240, kwa kuwa 415 ÷ 1.732 ni 240. Hiyo 1.732 ni kipeuo cha pili cha 3; inatokana na fezi kupishana kwa theluthi ya mzunguko. Mota ya kilowati 7.5 ya chumba cha baridi cha samaki, pawa fekta 0.85, ufanisi 0.88:

7,500 ÷ (1.732 × 415 × 0.85 × 0.88) = ampea 14.

Tafadhali usigawe tena kwa tatu. Ni 14 katika kila waya. Na wakati wa kuwaka, mota ikiunganishwa moja kwa moja, huvuta mara sita hivi ya hapo kwa muda mfupi.

Penye utata zaidi ni nyutro. Nyumba moja ya wageni pale Shela niliipima usiku, vyumba vimejaa: fezi nyekundu ampea 40, njano 25, buluu 10. Nyutro haibebi 75, wala haibaki tupu. Zidisha kila namba kwa yenyewe, ujumlishe: 2,325. Zidisha namba hizo mbili mbili (40 × 25, 25 × 10, 10 × 40), ujumlishe: 1,650. Toa, inabaki 675. Kipeuo chake ni karibu 26. Hesabu hii inafaa pawa fekta za fezi zote zikilingana.

Nyutro hiyo ikiachia, fezi yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea volti 415, na televisheni zilizo juu yake huungua. Hewa yetu ya chumvi hula skrubu za shaba hadi ziote ukijani, kwa hiyo si jambo la kufikirika. Pale Shela nilihamisha viyoyozi viwili kutoka nyekundu hadi buluu, nikasugua kiungo cha nyutro, nikakikaza, nikapima nyutro tena: ampea tatu.