Intaneti Ikikwama Kati ya Kampuni Mbili: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ofisi mbili zikiwa Kisumu, data zake hupita Kisumu humo humo.

Ukweli: Mwenye duka la vipuri Kondele aliyeunganishwa faiba na kampuni moja, na mhasibu wake wa Milimani anayetumia kampuni nyingine, wako kwenye mitandao miwili inayokutana pale tu ilipounganishwa, na kwa kawaida mahali hapo ni Nairobi. Huko ndiko kulikoanzishwa KIXP, kituo cha kampuni za intaneti kubadilishana data, mwaka 2000. Kilifungwa punde kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano na kurejea mwaka 2002. Kabla yake, hata barua pepe ya jirani kwa jirani ilipitia setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Hadi leo, kampuni mbili zisipobadilishana data nchini, data hizo zinaweza kuzungushwa hadi Ulaya. Muda wa majibu hufichua jambo hilo: ndani ya faiba mwanga huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo safari ya Nairobi na kurudi ni ya milisekunde chache, ilhali ya Ulaya huzidi 100.

Dhana: Kipimo cha kasi kikiwa kizuri, kampuni yangu haihusiki.

Ukweli: Mara nyingi seva ya kupimia imo ndani ya mtandao wa kampuni hiyo hiyo, au karibu nao. Kipimo hicho hakigusi kabisa kiungo cha kampuni na kampuni, ambacho huweza kujaa saa za jioni huku laini yako ikiwa nzima. Ni haki ya mteja kuambiwa hivyo waziwazi badala ya kuagizwa azime ruta na kuiwasha tena kila anapopiga simu.

Dhana: Nyota (*) katika matokeo ya tracert, amri ya kompyuta inayoorodhesha ruta ambazo data hupitia, moja kila mstari, pamoja na muda wa kila moja kujibu, ndipo palipoharibika.

Ukweli: Nyota humaanisha tu kuwa ruta haikujibu, na ruta nyingi zimepangwa zisijibu maswali ya aina hiyo, au ziyajibu mwisho baada ya kazi nyingine. Nyota zikifuatwa na mistari inayojibu vizuri, hakuna hitilafu hapo. Kinachostahili kuangaliwa ni ongezeko lisiloshuka: mstari wa tano ukisoma milisekunde 12, wa sita 165, na yote inayofuata ikabaki juu, basi njia imebadilika au kiungo kimelemewa kuanzia hapo. Majina ya ruta nayo husaidia, kwa kuwa mengi hubeba kifupi cha mji.

Dhana: Data hurudi kwa njia ile ile iliyoendea.

Ukweli: Kila kampuni hujichagulia njia ya kupeleka data zake, hivyo ombi linaweza kupita Nairobi na jibu likazungukia nje. Hili ndilo linalowachanganya hata mafundi, kwani kosa la njia ya kurudi halionekani wazi ukipima upande mmoja. Mwombe mhasibu naye aendeshe tracert kuelekea anwani yako ya nje (namba ya IP ambayo mitandao mingine inakuona nayo), kisha kila mmoja apeleke matokeo yote mawili kwa kampuni yake, yakiwa na saa ya tukio, anwani za pande zote mbili, na matokeo ya jaribio lile lile kwa bando la simu ya kampuni tofauti.